Wasomaji Waliomdai Thomas Harris Clarice Wao

Kwa miaka 11 wasomaji wa Thomas Harris walisubiri. Mwaka 1988 mwandishi huyo wa Marekani alikuwa amewaaga na The Silence of the Lambs, riwaya ambayo mwishoni mwake Clarice Starling, msichana anayesomea upelelezi katika chuo cha FBI kule Quantico, anampiga risasi muuaji anayechuna wanawake ngozi, anamwokoa binti wa seneta kutoka shimoni, kisha analala usingizi mzito bila kusikia vilio vya wanakondoo vilivyomtesa tangu utotoni. Hannibal Lecter, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa akila watu, ametoroka kizuizini na hakuna ajuaye aliko. Amemwandikia Clarice barua ya kumhakikishia kwamba hatamwinda. Filamu ya kitabu hicho, iliyotoka 1991, ilizoa tuzo tano kubwa za Oscar: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na mswada. Kabla yake ni filamu mbili tu zilizowahi kuzitwaa zote tano kwa mpigo. Aliyekisoma kitabu na aliyeitazama filamu walibaki na swali lile lile: wawili hawa watakutana tena lini, na siku hiyo itakuwaje?

Jibu lilikuja Juni 8, 1999, katika kitabu kilichoitwa Hannibal. Kilipanda mara moja hadi kileleni mwa orodha ya vitabu vinavyouzwa sana Marekani. Wasomaji waliokifungua kwa hamu moja wakakifunga wakiwa pande mbili. Wapo waliosema Harris ameandika kazi yake kubwa kuliko zote. Wapo waliosema amemuua Clarice bila kumwaga hata tone la damu yake. Haiwezekani kuueleza ugomvi huu bila kuutoboa mwisho wa hadithi, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa utamu na akisome kitabu kwanza.

Mwishoni mwa Hannibal, Clarice anakuwa mpenzi wa Lecter. Hakufungwa kamba wala kushikiwa bastola. Amekaa siku nyingi katika nyumba ambayo Lecter ameipanga, akipewa dawa za kulegeza akili na kuzungumzishwa taratibu juu ya baba yake, hata mifupa ya baba huyo imefukuliwa kaburini na kuletwa mbele yake. Anaketi naye meza moja na kula ubongo wa mtu ambaye bado yu hai, Paul Krendler, ofisa wa Wizara ya Sheria aliyekuwa akimhujumu kazini. Baadaye tunawaona Buenos Aires, katika jumba la opera la Teatro Colón, Clarice amependeza, ameketi pembeni ya mtu aliyepaswa kumtia pingu.

Ili kuielewa hasira ya waliokataa, sharti kukumbuka Clarice alikuwa nani kwao. Baba yake alikuwa mlinzi wa usiku wa mji mdogo, akauawa na wezi. Akiwa na miaka 10 alipelekwa kwa jamaa za mama yake huko Montana, kwenye shamba la kondoo na farasi waliongoja kuchinjwa, na usiku mmoja akaamshwa na vilio vya wanakondoo machinjioni. Akatoroka na farasi mmoja kipofu, akaishia katika nyumba ya yatima. Lecter alimsoma siku ya kwanza kwa kumtazama tu: mkoba mzuri, viatu vya bei ya chini. Msichana wa kimaskini aliyeingia katika ofisi iliyojaa wanaume waliomtazama kama pambo, akajibu kwa kazi. Kwa maelfu ya wasomaji, hasa wanawake waliokuwa wakiingia kazini miaka ile, hakuwa mhusika wa kusisimua damu tu. Walimwona kama mtu wanayemfahamu. Na walijua jambo moja juu yake kwa uhakika: Clarice huwaokoa wanaolia.

Sasa mtu huyo anakula ubongo wa binadamu kwa uma.

Mimi nimo miongoni mwa wanaokisoma kitabu hiki na kukirudia, na nadhani pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Waliokasirika wanazungumza kana kwamba mwisho ule umeanguka kutoka mawinguni, ilhali Harris ameutayarisha tangu sura ya kwanza. Kitabu kinaanza na operesheni ya kumkamata muuza dawa za kulevya katika soko la samaki jijini Washington. Clarice anashauri isitishwe, hasikilizwi. Risasi zinapolia, anamuua mwanamke aliyemfunga mtoto mchanga kifuani, kwa sababu mwanamke huyo amekwisha kufyatua bunduki, kisha anamwosha mtoto yule damu ya mama yake kwenye meza ya kukatia samaki. Picha inafika magazetini. Wakubwa wanatafuta wa kubebeshwa lawama na hawahitaji kutafuta mbali. Kuanzia hapo Clarice anavuliwa kila kitu alichokipigania: heshima, kesi, hatimaye beji na silaha. Jack Crawford, bosi aliyemwinua, ni mzee mgonjwa asiye na nguvu, naye anafariki kabla hadithi haijaisha. Harris anatuonyesha taasisi ikimtafuna mtumishi wake bora, na anatuonyesha kwa uvumilivu wa mwandishi wa habari, kazi aliyoifanya Waco, Texas, na baadaye katika shirika la Associated Press, kabla ya riwaya yake ya kwanza, Black Sunday, mwaka 1975.

Isitoshe, aliyedhani Harris huwatunza mashujaa wake hakuisoma Red Dragon ya 1981. Will Graham, mpelelezi aliyemkamata Lecter, anaimaliza riwaya hiyo akiwa amechanwa uso na ndoa yake imeyumba. Katika The Silence of the Lambs anatajwa kwa sentensi chache tu, mlevi anayeishi Florida. Huyo alikuwa shujaa wa kitabu kizima. Mfululizo huu haukuwahi kumwahidi mtu faraja.

Kabla sijafika kwenye kosa, niiseme sifa, maana wengi waliochukizwa na kurasa za mwisho waliitupa pamoja nazo sehemu bora kabisa ambayo Harris amewahi kuiandika. Ni sehemu ya Florence. Lecter amejificha katika jiji hilo la Italia kwa jina la Dkt. Fell, akiomba kazi ya kutunza maktaba na hazina ya Palazzo Capponi. Anayemgundua ni Rinaldo Pazzi, mkaguzi wa polisi aliyeumbuliwa na kesi ya muuaji aliyeitwa Il Mostro. Kesi hiyo ilikuwepo kweli: wapenzi waliojificha ndani ya magari nje ya jiji waliuawa kwa miaka mingi, na Harris mwenyewe alikwenda kuhudhuria kesi ya mshukiwa Pietro Pacciani, aliyetiwa hatiani mwaka 1994, akaachiliwa kwa rufaa mwaka 1996 na kufariki mwaka 1998. Pazzi wa riwayani anajua wajibu wake ni kumkamata Lecter. Lakini bilionea Mason Verger, aliyeharibiwa uso na Lecter zamani, ametangaza kwa siri zawadi ya dola milioni 3. Pazzi ana mke mrembo anayempenda na mshahara usiotosha. Anauza.

Ukoo wa Pazzi una historia. Mwaka 1478 Francesco de' Pazzi alishiriki njama ya kuwaua ndugu wawili wa ukoo wa Medici wakiwa kanisani. Giuliano aliuawa, Lorenzo akapona, na siku hiyo hiyo Francesco akatundikwa kwenye dirisha la jumba la serikali, lile ambalo leo huitwa Palazzo Vecchio. Harris anamfikisha mzao wake katika jumba lile lile. Lecter anatoa mhadhara mbele ya wanazuoni juu ya Dante, juu ya Yuda na Pier della Vigna, juu ya uroho wa fedha na kitanzi, huku Pazzi ameketi nyuma ya ukumbi akisubiri umati utoke ili amkabidhi kwa watekaji wa Verger. Anasikiliza hukumu yake ikisomwa na hajui kama ni yake. Katika riwaya za kusisimua nilizozisoma sijakutana na nyingine iliyoshikanisha historia, tamaa na hofu kwa ustadi wa namna hiyo. Msomaji anayekwambia kitabu hiki ni takataka tupu, mwulize kama alifika Florence akiwa macho.

Wahakiki nao waligawanyika, na waligawanyika kwa nguvu. Stephen King, akiandika katika New York Times siku chache baada ya kitabu kutoka, alikiweka pamoja na The Exorcist ya William Peter Blatty kuwa riwaya mbili za kutisha kuliko zote za enzi zetu. Martin Amis wa Uingereza, ambaye aliziheshimu mno riwaya mbili za kwanza za Lecter na hakuwa mtu wa kudharau fani hii, alikibomoa kipande kwa kipande. Kwake, Harris alikuwa amempenda zimwi lake kupita kiasi, akamvisha suti nzuri, mvinyo ghali na ladha ya muziki wa kale, na sentensi zake zenyewe zikaharibika kwa kujipamba.

Kwamba King ndiye aliyekitetea ni jambo la kutafakari, kwa kuwa hakuna mwandishi aliyelichunguza deni la mwandishi kwa msomaji kuliko yeye. Katika Misery, ya mwaka 1987, Annie Wilkes anamteka mwandishi Paul Sheldon kwa sababu amemuua mhusika anayempenda, na anamlazimisha amfufue. Watu wengi huikumbuka riwaya hiyo kwa mateso yake. Mimi huikumbuka kwa ukurasa mmoja ambao Annie, mwendawazimu yule, anatoa hoja ya uhakiki iliyo sawa kabisa. Paul anamletea sura ya kwanza ambamo mhusika huyo hakufa kamwe. Annie anaikataa. Anasimulia filamu za vipande alizozitazama akiwa mtoto: wiki moja shujaa amefungiwa ndani ya gari linalotumbukia korongoni, wiki iliyofuata wanaonyesha aliruka nje kabla gari halijaanguka. Watoto wengine wakashangilia, yeye akasimama kupiga kelele kwamba shujaa hakutoka garini. Hadai hadithi ifanane na maisha. Anadai isimdanganye. Mwandishi anaweza kumfufua maiti, mradi mlango wa kumtolea uwe umekwisha kuonekana.

Nikiipima Hannibal kwa kipimo hicho, kosa lake linaonekana mahali mahususi. Harris hakukosea kumpeleka Clarice mikononi mwa Lecter. Alikosea kutufungia mlango alipokuwa akivuka. Kwa vitabu viwili tumeishi ndani ya kichwa cha msichana huyu. Tunajua anavyohesabu pumzi kabla ya kufyatua risasi, anavyoona aibu ya lafudhi yake, anavyomkumbuka baba yake akimenya chungwa. Ndipo, katika uamuzi mkubwa kuliko yote ya maisha yake, msimulizi anatuondoa humo. Tunamwona kwa macho ya Lecter, kupitia ukungu wa dawa zake. Katika kurasa za mwisho msimulizi anasema wazi kwamba sasa tunarudi nyuma na kuwaacha wawili hao, kana kwamba ni adabu. Msomaji aliyemfuata Clarice kwa miaka 11 anabaki nje akiuliza swali moja la haki: ni yeye aliyeamua, au ni sindano?

Watetezi wana jibu, na ni jibu zuri kuliko wengi wanavyolichukulia. Lecter alikuwa na dada mdogo, Mischa, aliyechukuliwa na kuliwa na wanajeshi watoro huko Lithuania mwaka 1944. Mpango wake wa kweli ni kwamba Clarice aondoke duniani kwa namna fulani, nafasi yake ichukuliwe na Mischa. Anaangusha kikombe cha chai makusudi na kusubiri siku vipande vitakapojikusanya vyenyewe. Clarice anaupindua mpango huo. Anamwuliza kwa nini nafasi ya Mischa isipatikane ndani ya Lecter mwenyewe, na kuanzia hapo mateka ndiye mshindi. Nakubali kwamba hilo lipo kitabuni. Nakubali pia kwamba ni Clarice halisi anayesikika katika hoja ile, Clarice anayetafuta mwanakondoo hata ndani ya mbwamwitu. Lakini lipo katika aya chache, limezungukwa na dawa na mishumaa, na linaombwa libebe uzito ambao sura 100 zilizotangulia hazikulijengea nguzo.

Mischa mwenyewe alizua ugomvi wake, na hapa nasimama na waliokasirika bila kusita. Katika The Silence of the Lambs Lecter anamkataza Clarice kumtafutia sababu. Anakataa kufanywa zao la mambo yaliyompata. Hofu yote anayotutia ilikaa hapo. Ukishamweleza kwa msiba wa utotoni, umempunguza. Mwaka 2006 Harris aliendelea na njia hiyo katika Hannibal Rising, kitabu kizima juu ya utoto na ujana wa Lecter, ambacho mtayarishaji wa filamu Dino De Laurentiis alikuwa amekwisha kudokeza kwamba kingefanywa hata bila mwandishi mwenyewe. Hicho hakikugawa wasomaji sana. Wengi walikubaliana kwamba hakikuhitajika.

Filamu ya Hannibal ilikuja Februari 2001 na ikawa kura ya pili juu ya mwisho wa kitabu. Jonathan Demme, aliyeongoza ile ya 1991, alikataa kuifanya. Ted Tally, aliyeandika mswada wake, alikataa. Jodie Foster, aliyepata Oscar kwa kuwa Clarice, alikataa, na baadaye akaeleza kwamba mwanamke huyo alikuwa na thamani kubwa mno kwake asiweze kumkanyaga. Julianne Moore akachukua nafasi, Ridley Scott akaongoza, Anthony Hopkins akarudi. Mwisho ukabadilishwa: Clarice anajifunga pingu pamoja na Lecter ili asitoroke, na Lecter, akishika panga la jikoni, anachagua kuukata mkono wake mwenyewe badala ya wa Clarice. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 350 duniani, na watazamaji wengi walishusha pumzi: Clarice wao amerudi.

Sidhani alirudi. Mwisho wa filamu unamwacha ufukoni na gauni la jioni, kazi hana, Crawford hayupo, aliyemhujumu amekufa, na king'ora cha polisi wale wale waliomtupa kinamkaribia. Ni msafi, lakini hadithi haina tena la kumwambia. Harris, hata katika kosa lake, alikuwa na ujasiri wa kuuliza mtu kama huyo aende wapi baada ya nchi yake kumtema. Scott aliliepuka swali.

Uthibitisho kwamba wasomaji hawakukataa upendo usiowezekana, walikataa njia ya mkato, ulikuja miaka 14 baada ya kitabu. Kuanzia 2013 hadi 2015, Bryan Fuller alitengeneza tamthilia ya televisheni iliyoitwa Hannibal, ikarushwa na NBC kwa vipindi 39. Alichukua Florence, akamchukua Pazzi, akamchukua Verger na nguruwe wake waliofunzwa kula watu, akachukua hata kikombe kinachovunjika. Clarice hakuweza kumtumia, kwa sababu haki zake zilikuwa kwa kampuni nyingine. Kwa hiyo safari ile ya kuvutwa na zimwi akampa Will Graham, na akaitembeza hatua kwa hatua, kipindi baada ya kipindi, mtazamaji akiwa ndani ya ndoto za Will na akiona kila kizuizi kikiporomoka. Inamalizika kwa wawili hao kukumbatiana, wakiwa wametapakaa damu, kisha kuanguka pamoja baharini kutoka juu ya jabali. Kwa namna fulani ni mwisho ule ule uliowachukiza watu mwaka 1999. Mashabiki wa tamthilia hiyo wanaupenda hadi leo, na bado wanaomba iendelee.

Mwaka 2021 televisheni ya CBS nayo ilimrudisha Clarice katika tamthilia yenye jina lake, iliyowekwa katika mwaka 1993. Safari hii haki zilikaa upande wa pili, na jina la Lecter halikuweza kutamkwa. Iliishi msimu mmoja. Kumweleza Clarice bila kumtaja mtu aliyemsoma kuliko wote kulikuwa kumfunga mkono mmoja mgongoni, na waigizaji walifanya walichoweza.

Harris hakuwahi kwenda mbele ya usiku ule wa Buenos Aires. Riwaya yake ya mwaka 2019, Cari Mora, iko Miami na haina uhusiano wowote na Lecter. Watu hudhani wasomaji waliokasirika walitaka mwisho ufutwe. Sivyo ninavyowasoma. Ardelia Mapp, rafiki wa Clarice aliyeishi naye nyumba moja tangu siku za Quantico, anapokea katika kurasa za mwisho barua fupi na pete ya zumaridi, bila maelezo yenye kumridhisha mtu anayempenda. Wasomaji walipokea kama Ardelia. Nami ningeibadilisha Hannibal Rising yote kwa sura moja ambayo Clarice, akiwa Argentina asubuhi ya kawaida, dawa zimekwisha kutoka mwilini, anatuambia mwenyewe kwa nini bado yupo.